Ghala la Babu Nimeligeuza Vyumba vya Wageni, Sasa Lina Alama Nyekundu Ukutani

Somo yangu, shikamoo.

Nina miaka 37 na watoto wawili. Baada ya talaka nilirudi kwa wazazi wangu huku pwani. Mjini nilifanya kazi hotelini, kwanza mapokezi, baadaye nikawa msimamizi wa vyumba. Nyumbani kwetu ni shamba la ekari saba, si mbali na bahari ingawa si ufuoni. Tuna minazi, mikorosho mizee, na ghala la mawe alilojenga babu enzi za korosho kuwa pesa. Nilipokuwa mdogo lilikuwa likijaa magunia hadi juu. Miaka yote hii limekuwa makao ya popo.

Baba ana miaka 76 na hati ya shamba iko kwa jina lake. Mama yupo. Sisi watoto ni watatu: kaka yangu mkubwa anaishi Mombasa, kisha mimi, kisha mdogo wetu wa kiume ambaye yuko Ghuba kikazi. Anayelala na kuamka shambani ni mimi, pamoja na kijana mmoja mkwezi wa minazi. Dafu na nazi zinatupatia sukari na sabuni. Karo hazifikii.

Wageni wanapita barabara yetu kila msimu wakielekea baharini. Nikamwambia baba nataka kulifanya ghala liwe vyumba vinne vya kulala wageni, na mbele yake banda la makuti la kulia chakula. Akanijibu, "Fanya mwanangu, lisianguke bure." Ni hayo tu aliyosema, karatasi hatukuandikiana. Nikakopa shilingi 400,000 kwenye sacco, wadhamini wangu wakiwa wanawake wenzangu wa chama. Nimetoboa madirisha, nimegawa vyumba, nimechimba shimo la choo na dari iko juu tayari. Fundi alinihakikishia kwamba hili si jengo jipya, ni ukarabati, halihitaji kibali, tena liko katika shamba letu wenyewe.

Mwezi uliopita wakaja watu wawili wa kaunti. Walipaka alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani na tarehe chini yake, wakasema kazi isimame. Jioni mmoja wao alirudi peke yake kwa pikipiki. Akasema nikimpa elfu thelathini faili yangu haitaonekana tena. Sikumpa, lakini pia sikumkatalia. Nilimwomba muda. Baadaye mjumbe alileta bahasha akamkabidhi baba, kwa sababu ilikuwa na jina lake. Baba aliitia ndani ya kasha lake la nguo, hajasema neno na mimi sijauliza.

Kilichoniumiza zaidi ni kaka. Alisikia habari kwa watu akanipigia simu kwa ukali. Anasema namnyang'anya mzee shamba angali hai, na kwamba ghala liko katika sehemu yake. Sehemu gani, Somo? Hakuna aliyegawa. Yeye ana mnunuzi wa ekari mbili za mbele, zilizo kando ya barabara, anataka ziuzwe pesa zigawanywe. Akaniambia mwanamke aliyeachwa hana shamba kwa baba yake, ana chumba. Mama ananisihi niache tu, nisije nikawagombanisha ndugu.

Na jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa imamu, anasema wageni waliovaa nusu watapita njia ya watoto wa madrasa, naye hatakubali.

Fundi ananishauri nimalize kimyakimya, nifungue kabla ya Desemba, faini nitailipa kwa pesa za wageni. Vitanda vimeshachongwa na seremala anadai chake. Nikimpelekea baba fomu za maombi atie sahihi, kaka atasema namsainisha mzee mali. Nikinyamaza, ile alama iko ukutani. Na hivi tangu lini shamba la mtu likawekewa sheria kama mtaa wa mjini? Sisi ni Waislamu, nimeomba, nimeswali istihara, bado sioni pa kushika.

Binti wa Shambani, Pwani

Marahaba, binti yangu.

Kabla ya kaka, kabla ya jirani na hata kabla ya seremala, kuna ile bahasha ndani ya kasha la baba. Umeitaja kwa kupita, nami nimeshindwa kuipita.

Alama nyekundu ukutani inatisha, lakini inayokubana kisheria ni karatasi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kaunti ikiona ujenzi usio na kibali impe mhusika notisi ya maandishi, inayoeleza kosa ni lipi, afanye nini na kwa muda gani. Asiyeridhika na notisi hiyo ana siku 14 tangu alipokabidhiwa kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Bahasha iliandikwa jina la baba kwa sababu hati ni yake. Huenda ndani yake mna notisi, huenda ni wito wa kufika ofisini au ankara ya kodi ya ardhi, mimi na wewe hatujui. Ila kama ni notisi, siku zake zinakwenda hata ikiwa chini ya nguo. Tafadhali keti na baba muifungue leo, muangalie tarehe iliyopokelewa. Kama zile siku 14 zimepita, msikate tamaa, nendeni ofisi ya mipango mkazungumze, ingawa hapo mtakuwa mnaomba jambo ambalo mngeweza kulidai.

Sasa nikueleze nilivyoielewa shida yako, unisahihishe nikikosea. Umeanza kazi ya halali kwa baraka ya mdomo ya baba yako, kwa mkopo uliodhaminiwa na wenzako, katika jengo ambalo hakuna aliyelitaka mpaka ulipoligusa. Kibali hukuchukua kwa sababu hukujua kinahitajika. Sasa kukitafuta kunahitaji sahihi ya baba, na sahihi hiyo inafungua swali ambalo nyumba nzima imekuwa ikilikwepa: shamba hili litakuwa la nani? Ndiyo maana naona fomu imekuwa nzito mkononi mwako kuliko faini.

Umeuliza tangu lini shamba la mtu likawekewa sheria. Wengi wananiuliza hivyo, tena kwa uchungu, kwa hiyo nitalisemea kidogo. Katiba yetu ya 2010 inalinda mali ya mtu, na katiba hiyohiyo katika kifungu cha 66 inaipa serikali mamlaka ya kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote, hata ya mtu binafsi, kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango ya matumizi ya ardhi. Kazi ya kutoa vibali iko kwa kaunti, na haitofautishi shamba na mtaa. Sheria ya 2019 inapotaja uendelezaji wa ardhi inamaanisha kazi yoyote ya ujenzi, na pia mabadiliko makubwa ya matumizi ya jengo ambalo tayari lipo. Hapo ndipo fundi alipokupotosha, labda bila kujua. Ni kweli kuta ni zilezile za babu, lakini jana ziliweka magunia na kesho zitalaza watu.

Na tofauti hiyo haiko kwenye makaratasi tu. Lipitie ghala lako kwa macho ya mtu ambaye hajawahi kuishi hapo. Maghala ya korosho yalijengwa makusudi yasiingize jua, yana matundu membamba karibu na paa, basi. Sakafu huenda imenyonya yale mafuta meusi ya maganda, yanayochubua ngozi ukiyashika. Gunia halihitaji choo wala mlango wa pili wa kukimbilia makuti yakishika moto. Na shimo ulilochimba: ardhi yetu ya pwani sehemu nyingi ni mwamba wa matumbawe wenye mianya, maji machafu yanapenya upesi hadi kwenye visima. Afisa wa afya atakuuliza kisima chenu kiko umbali gani na shimo hilo, na kisima cha jirani je. Wewe umesimamia vyumba vya hoteli, maswali haya ungemuuliza mtu mwingine bila kusita.

Nadhani pia unajua, ndani yako, kwamba ushauri wa kumaliza kimyakimya una shimo. Anayeendeleza ardhi bila kibali, akipatikana na hatia, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Na kaunti inaweza kumwamuru airudishe ardhi ilivyokuwa. Weka kiasi hicho kando ya mkopo wako wa 400,000. Tena ukishalipa faini hupewi kibali, bado utatakiwa ukiombe. Sisemi kila anayefungua kimyakimya hukamatwa. Wapo wanaoendesha hivyo miaka. Lakini wewe tayari una tarehe ukutani, una kaka mwenye hasira na jirani aliyekwisha kusema hatakubali. Kimya hicho utakipata wapi?

Kuhusu yule wa pikipiki. Elfu thelathini hazikununulii kitu unachoweza kumwonyesha mtu mwingine. Hata akiificha faili hawezi kuifuta barua iliyo mikononi mwa baba, na mwaka ujao anaweza kurudi, yeye au mwenzake. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea. Nimefurahi kwamba hukumpa. Lile neno "nipe muda" ndilo linaloniogopesha, kwa sababu yeye ameliweka kama ahadi. Ukienda ofisini mchana, na mtu mzima mmoja wa kukusindikiza, ukauliza hatua za kuhalalisha jengo na kudai risiti kwa kila unacholipa, hatakuwa na pa kukubania.

Sasa tuje nyumbani, ambako naona ndiko penye uzito.

Baba alisema, "Fanya mwanangu, lisianguke bure." Wewe ulisikia idhini, na ni idhini. Lakini idhini ya nini? Inawezekana alimaanisha ulitumie ghala upate riziki, na inawezekana alimaanisha amekupa. Inawezekana pia kwamba yeye mwenyewe hakufika huko, aliona tu binti yake amepata uhai tena akafurahi. Umejenga juu ya maana mojawapo bila kumuuliza. Kaka naye anasema ghala liko katika sehemu yake, na hapo umejibu sawasawa: baba yu hai, hakuna mwenye sehemu. Nakuomba tu ukubali kwamba jibu hilo linakugusa na wewe.

Kwa kuwa ninyi ni Waislamu, ni vizuri ujue mambo yanavyokwenda baba akiondoka leo, Mungu amweke. Mirathi yenu itafuata sheria ya Kiislamu, na kwa kawaida Kadhi ndiye huisikiliza. Mama ana thumuni yake, yaani moja ya nane, na kinachobaki kinagawanywa kwa watoto, mwana wa kiume mafungu mawili, binti fungu moja. Vyumba ulivyojenga vimeshikamana na ardhi ya baba, kwa hiyo vinaweza kuhesabiwa kuwa mali ya marehemu, na wewe ukabaki unatafuta stakabadhi za saruji kuthibitisha pesa zako. Wasia hautakuokoa, maana mrithi haandikiwi wasia bila ridhaa ya warithi wenzake. Kilicho mikononi mwa baba akiwa hai ni hiba, yaani zawadi: atamke, ukubali, ukabidhiwe. Na kwa ardhi yenye hati, hiba hiyo lazima ipite pia kwenye usajili, na kwa ardhi ya kilimo Bodi ya Kudhibiti Ardhi lazima iridhie kugawanywa na kuhamishwa. Wanazuoni wanahimiza sana usawa baina ya watoto katika hiba. Baba akikupa wewe peke yako bila kuwatazama wenzako, atabeba jambo ambalo pengine hataki kulibeba katika umri huu. Huenda ndiyo sababu yuko kimya, wala si kwamba ameghairi.

Neno alilokuambia kaka, kwamba mwanamke aliyeachwa hana shamba kwa baba yake, lilinikaa moyoni siku nzima. Si la dini, kwa sababu dini imekutajia fungu lako, wala si la sheria, kwa sababu katiba katika misingi yake ya ardhi inakataza ubaguzi wa jinsia. Lilikuwa neno la kuumiza na una haki ya kumwambia kwamba liliumiza. Hata hivyo nina swali. Ulimwambia baba, mama anajua, fundi na wenzako wa chama wanajua. Kaka alijua kwa nani? Umeandika mwenyewe kwamba alisikia kwa watu. Mtu aliye mbali na kwao akisikia kwa wapita njia kwamba nyumbani pamevunjwa ukuta, hofu humfika kabla ya hesabu. Pengine ni tamaa kweli, wewe unamjua kuliko mimi. Lakini kama kuna hofu ndani yake, hofu inazungumzika.

Tena mpango wake unasimama mahali palepale palipokwama wako. Ekari mbili za barabarani haziuziki bila sahihi ya baba, wala bila Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Mauzo ya ardhi ya kilimo yasiyopata ridhaa ya bodi kwa wakati wake ni batili, na maombi yanatakiwa yafike ndani ya miezi sita ya mapatano. Kwa kawaida bodi huuliza mke yuko wapi na watoto wanasemaje. Kwa hiyo ninyi wawili mnavutia kalamu moja, naye anayeishika hajaulizwa vizuri na yeyote kati yenu.

Njia zipi ziko wazi? Naziona kadhaa, na hakuna hata moja isiyo na gharama.

Unaweza kusimamisha kazi na kuomba kibali kwa utaratibu. Hapa nikupe jambo ambalo huenda hakuna aliyekuambia: si lazima shamba lote libadilishwe kuwa ardhi ya biashara. Kuna maombi ya kubadilisha matumizi, na kuna maombi ya kuongeza matumizi, ambapo kilimo kinabaki na shughuli nyingine inaruhusiwa pembeni yake. Kwa familia yenu tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu matumizi yakibadilishwa kodi ya ardhi inaweza kupanda, na itakayopanda ni ya baba. Utahitaji mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa, michoro, nakala ya hati na tangazo la hadharani ili wenye pingamizi waseme. NEMA, mamlaka ya mazingira, hupanga miradi kwa kiwango cha athari, na midogo huandikiwa ripoti fupi. Afya ya umma watakuja. Baadaye kuna leseni ya kulaza wageni kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na leseni ya biashara ya kaunti. Sheria inasema mwombaji akikaa siku 60 bila jibu la maandishi, kibali kihesabiwe kimetolewa. Mimi nisingelala usingizi kwa kutegemea kifungu hicho, ningefuatilia jibu. Hatari ya njia hii ni kwamba Desemba itakupita, mkopo utaendelea kudai, na unaweza kukataliwa.

Unaweza pia kufikiria kukodishwa badala ya kupewa. Yaani baba akukodishe ghala na kipande kidogo kando yake kwa maandishi, kwa miaka mtakayokubaliana, kwa kodi hata iwe ndogo. Ardhi inabaki yake, mafungu ya kila mmoja hayaguswi, na wewe unapata karatasi inayosema vyumba umevijenga wewe. Ukodishaji wa ardhi ya kilimo nao unapita kwenye bodi. Naona huenda ukamtuliza kaka, kwa sababu hakuna kilichohama. Lakini utakuwa umejenga kwenye kitu chenye mwisho, na ukifika mwisho huo utakuwa na miaka mingapi? Lifikirie bila haraka.

Njia nyingine ni kuanza kwa udogo bila ghala. Mna nyumba ya kuishi. Wageni wa kutwa wanaweza kuja kula, kunywa dafu, kumtazama mkwezi wenu akipanda, kujifunza kubangua korosho bila kuungua vidole. Leseni na ukaguzi wa chakula utahitaji hata kwa hilo, lakini hutakuwa unaligusa jengo lenye alama. Kipato kitakuwa kidogo, na mama atakuwa na watu uani kila siku. Je, ameulizwa? Anasema uache, na sijui kama anamaanisha uache mradi au uache ugomvi.

Vyovyote utakavyochagua, usiwaache wadhamini wako gizani. Nenda sacco kabla hujakosa rejesho hata moja, uombe ratiba mpya. Sacco humsikiliza anayekuja mapema kwa namna ambayo hawamsikilizi aliyetafutwa. Seremala naye mlipe kidogo kidogo au mwombe auze vitanda viwili. Si aibu.

Jirani yako, mzee wa watu, sheria itampa nafasi ya kupinga tangazo likibandikwa. Ningependa akuone kabla hajaliona tangazo. Nenda na mama. Msikilize amalize. Njia ya madrasa ni jambo la kweli, na mtu aliyefanya kazi hotelini anajua jinsi ya kuweka lango upande mwingine, kuinua ua wa makuti, na kuwaandikia wageni mavazi yanayotakiwa nje ya ua. Huenda asikubali. Lakini pingamizi la mtu aliyesikilizwa huwa fupi.

Na usione kwamba nakulaumu kwa kulitafutia shamba kazi nyingine. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichoanza miaka ya 1970, kilianguka miaka ya 1990 na kuacha wakulima wengi wa pwani na mikorosho isiyo na mnunuzi wa kuaminika. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili zibanguliwe hapa nchini, na bado maghala mengi kama la babu yako hayakujaa tena. Shamba lisiloingiza kitu ndilo linalouzwa ekari mbili mbili za mbele. Mtu anayelala hapo na kuamka hapo, akatafuta njia ya kulifanya lilishe watoto bila kuling'oa, mimi namheshimu, nami namwombea kibali chake kitoke.

Kabla hujapeleka fomu yoyote, omba kikao. Baba, mama, kaka aje kutoka Mombasa, na mzee mmoja wa ukoo ambaye kaka anamheshimu. Ajenda isiwe vyumba vyako. Iwe ni kumuuliza baba anataka shamba lake lifanyiwe nini, kisha mnyamaze mpaka amalize, hata akichukua muda. Jibu lake linaweza lisikupendeze, na ni vizuri ujiandae kwa hilo usiku uliotangulia. Na yule mdogo wenu aliye Ghuba, ambaye katika barua yako yote hakuna aliyemuuliza kitu, mpigie simu wewe kabla hajapigiwa na mwingine.